Mjomba wa Edelgard

Kwamba Edelgard ndiye aliyewatuma wale majambazi, hapo hatubishani. Tunabishana alitaka wafanye nini wakifika.

Kwa ambaye hajacheza: Fire Emblem: Three Houses ilitoka Julai 2019 kwa ajili ya Nintendo Switch, kazi ya Intelligent Systems wakishirikiana na Koei Tecmo. Ni gemu ya mikakati ya vita. Unasogeza askari wako kwenye ramani ya miraba, zamu yako ikiisha adui naye anasogeza wake, na ukichagua kucheza kwa masharti ya kizamani, askari akifa ndiyo basi tena. Lakini kinachowakesha watu si miraba, ni kisa chenyewe. Wewe ni Byleth, mamluki na mtoto wa mamluki, unajikuta umefanywa mwalimu katika Garreg Mach, nyumba ya watawa ambayo pia ni chuo cha maofisa, katikati ya bara la Fódlan. Chuo kina mabweni matatu na kila bweni lina kiongozi ambaye ni mrithi wa nchi: Edelgard wa Dola la Adrestia, Dimitri wa Ufalme wa Faerghus, Claude wa Muungano wa Leicester. Unachagua bweni moja. Baadaye hadithi inaruka miaka mitano, wanafunzi wako wameshakuwa majemadari, na vita utakavyoviona vinatokana na bweni ulilolichagua ulipokuwa hujui lolote.

Njia ziko nne, na hakuna hata moja inayokuambia yote. Hapo ndipo makelele yanapoanzia nyumbani kwetu, Chikongola, Mtwara mjini.

Mashine aliileta binamu yangu kutoka Muscat, akarudi kazini akaiacha kwetu. Anayeishika zaidi ni mpwa wangu, binti wa dada, amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo, kwa hiyo ana muda kuliko sisi sote. Mimi nacheza usiku nikishafunga steshenari. Umeme ukikatika hatuna presha, tunaichomoa kwenye runinga na kubanana kwenye kioo chake kidogo mpaka chaji iishe. Halafu yupo mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye hajawahi kushika padi maishani mwake. Alikuwa karani wa ghala la korosho mpaka alipostaafu. Anakuja baada ya swala ya alasiri, anaketi mkekani na bakuli la ming'oko, na binti anamsomea yanayosemwa kwenye skrini, akiyageuza Kiswahili papo hapo. Mara nyingi amefumba macho. Mgeni angedhani amelala.

Turudi kwa majambazi. Mwanzo kabisa wa gemu viongozi watatu wako porini usiku, wanavamiwa, wanakimbia mpaka kijiji ambacho Byleth na baba yake Jeralt wamelala. Mkuu wa majambazi, Kostas, anamkimbilia Edelgard na shoka. Edelgard anachomoa kisu, Byleth anaruka katikati na kupokea pigo, na hapo Sothis, yule wa ajabu anayekaa ndani ya kichwa cha Byleth, anarudisha muda nyuma kwa mara ya kwanza. Baadaye sana tunakuja kuambiwa kwamba majambazi walilipwa na mtu wa kinyago anayejiita Mfalme wa Moto, na baadaye zaidi kinyago kinavuka na aliye ndani ni Edelgard mwenyewe.

Mpwa wangu, ambaye alianza na bweni la Edelgard na atakufa nalo, anasema lengo lilikuwa kuwatisha tu. Mwalimu mmoja aliyekuwa nao usiku ule alitimua mbio, nafasi yake ikabaki wazi. Basi, anasema, ulikuwa mpango wa kupata nafasi chuoni, damu haikukusudiwa. Mimi nasema huwezi kukodi wauaji wakawatishe tu warithi wa nchi mbili jirani, muda si mrefu kabla hujazivamia nchi hizo hizo.

Mjomba akafungua macho. "Na yeye mwenyewe alikuwepo?"

"Alikuwepo, babu."

"Akakimbia pamoja nao?"

"Akakimbia."

"Na huyo mwenye shoka alimfuata nani?"

Kimya. Alimfuata yeye.

"Basi huyo jambazi hamjui anayemlipa," akasema mjomba. "Mzigo hautoki bila maelekezo. Mimi nataka kuyajua maelekezo."

Gemu haiyatoi. Lakini swali lile lilibadilisha namna tunavyobishana. Kabla yake tulikuwa tunachukua siri iliyofichuliwa kwenye njia ya Claude na kumhukumia nayo Dimitri, ambaye kwenye njia yake hajawahi kuisikia. Watu wengi wanaobishana kuhusu gemu hii wanafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana hawafiki popote. Sasa ukileta shutuma, mjomba anauliza: siku hiyo alijua nini? Kama jibu liko kwenye njia nyingine, shutuma inafutwa.

Mchukue Dimitri. Mwaka 1176 kwa kalenda yao, baba yake, Mfalme Lambert, aliuawa katika nchi ya Duscur pamoja na msafara wake. Watu wa Duscur wakabebeshwa lawama, wakachinjwa. Dimitri alitoka hai kwenye ule msafara na tangu siku hiyo anawasikia wafu wakimdai kisasi. Kinyago cha Edelgard kinapovuka ndani ya kaburi takatifu, lile lililo chini ya Garreg Mach, anaamua palepale kwamba ndiye aliyemuua baba yake. Mpwa wangu huwa anacheka. "Anko, mwaka huo Edelgard alikuwa mtoto! Angewezaje?"

Angewezaje, kweli. Lakini hebu panga alichokuwa nacho Dimitri mkononi. Alishamwona Mfalme wa Moto akiwa na watu walewale walioharibu kijiji cha Remire. Alishaokota kisu, na kisu hicho ni yeye mwenyewe aliyempa Edelgard walipoagana utotoni. Sasa anaona uso. Mtu mwenye huzuni ya miaka minne, anayesikia sauti, akipewa vitu hivyo vitatu, ulitegemea aseme nini? Amekosea, sawa. Ila ukifuata hatua zake moja moja huoni pa kumshika. Na hata baadaye, akiwa na jicho moja, anaishi kama mnyama na kuua kila askari wa Adrestia anayekatiza, waandishi hawakumwachia akili imrudie bure. Ilibidi Rodrigue, baba wa rafiki yake Felix, afe mbele yake kwa kisu cha msichana aliyekuja kulipiza kisasi cha kaka yake. Dimitri anaangalia kisasi chake mwenyewe kikimjia kwa sura ya binti mdogo. Kwangu hapo ndipo gemu nzima inapofika kileleni, na sijali wangapi watanipinga.

Claude ndiye anayenipa taabu. Simsemi yeye kama mtu, nasema Gronder. Uwanja wa Gronder unauona mara mbili: kwanza kama mashindano ya mabweni wakiwa wanafunzi, halafu baada ya miaka mitano, safari hii kwa damu. Majeshi yote matatu yanakutana. Adui wa Dimitri ni Edelgard. Adui wa Claude ni Edelgard. Na bado Dimitri na Claude wanauana. Binamu alituma sauti ya WhatsApp kutoka Muscat akitetea: eti ni vurugu za vita, watu hawatambuani.

"Hawana wajumbe?" akauliza mjomba.

Wanao. Na Claude ndiye mtu ambaye hadithi nzima imemchora kama bingwa wa hila, anayepanga jambo hatua kumi kabla. Mtu huyo anashindwa kumpelekea jirani yake barua ya mistari miwili? Sababu zinazotolewa ni nyepesi mno. Waliotengeneza walitaka picha ya bendera tatu kwenye uwanja mmoja, wakaipata, na mantiki wakaiacha njiani. Mle ndani kuna jambo moja tu lililokaa sawasawa: kilima cha katikati. Kina mtambo mkubwa wa kurushia mishale, na kama hukumvuta Bernadetta upande wako mapema, utamkuta yeye juu yake, yule msichana mwoga aliyekuwa anajifungia chumbani siku za chuo. Edelgard anasubiri adui apande, kisha anakiwasha moto kilima chote na mtu wake juu. Hilo linauma na linaeleweka. Edelgard tunayemjua angefanya hivyo.

Kuhusu Rhea, askofu mkuu, sina mengi. Ameficha historia ya kweli kwa karne nyingi, amewaambia watu kwamba Nembo, zile nguvu za kurithi zilizomo katika damu za makabaila, ni baraka, ilhali ni damu iliyoporwa kwa jamaa zake waliouawa, na zile silaha takatifu ni mifupa yao. Mpwa wangu hamtaki hata kumsikia. Mjomba alipoelezwa kwamba kinachomsukuma ni kutaka mama yake arudi, alisema tu, "Maskini," akaendelea kumenya ming'oko.

Sasa nifike penye mgogoro wenyewe, yaani watu wa chini.

Chini ya ardhi ya Fódlan kuna watu wa kale, Waagartha, wenye chuki na wale wa juu tangu zamani za zamani. Ukifuatilia, wamo kila mahali. Mauaji ya Duscur wamo. Remire ni wao. Aliyemchoma Jeralt kisu ni mtu wao, Kronya, aliyekuwa amevaa sura ya mwanafunzi aitwaye Monica. Waliomfungia Edelgard gizani na ndugu zake, wakawafanyia majaribio mpaka nduguze wakateketea na yeye nywele zikageuka nyeupe, ni wao. Lysithea, mwanafunzi wa bweni la Claude, naye ni hivyohivyo. Cornelia anayeitafuna Faerghus kutoka ndani, wao tena. Kwa hiyo kila ubishi wetu ukifikia patamu, binamu anamaliza mchezo kwa sentensi moja: "Lakini jamani, ni wale wa chini."

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa kauli hiyo. Mtoto akifeli mtihani, mkono wa mtu. Mtumbwi ukizama, mkono wa mtu. Mjomba anakumbuka ghalani, magunia yalipopimwa upya baada ya kukaa na mizani ikasoma pungufu, wapo walionong'ona kuhusu chuma ulete na wengine wakataka mganga aitwe. Yeye alikuwa anachukua korosho kiganjani, anaivunja, anaangalia. Korosho iliyoingia na unyevu ikikaa inakauka, na ikikauka uzito unashuka. Anasema kazi ilikuwa ngumu kuliko ya mganga, kwa sababu ukishasema unyevu lazima useme pia nani aliyeupokea mzigo ukiwa haujakauka.

Hilo ndilo deni ambalo gemu inalikwepa. Sababu za vita zilikuwa zimejaa juu ya ardhi, hazikuhitaji kuchimbuliwa. Angalieni kisa cha Miklan. Ni mtoto wa kwanza wa nyumba ya Gautier, kazaliwa bila Nembo. Mdogo wake Sylvain kazaliwa nayo. Basi mkubwa anatupwa kama takataka na mdogo anapewa kila kitu, mpaka anaanza kuwachukia wasichana wanaomtaka kwa ajili ya damu yake. Miklan anaiba mkuki wa ukoo, anajificha mnarani na genge lake, na kwa kuwa hana Nembo ule mkuki unamgeuza dude jeusi mbele ya macho ya wanafunzi. Kisha Rhea anawaambia wanafunzi wanyamaze. Hapo sijamwona mtu wa chini hata mmoja. Namwona baba, watoto wawili, desturi, na kanisa linalofunika. Vita vinaweza kuanzia hapo na nikaelewa kila upande. Ukinileta mchawi wa shimoni akaniambia yeye ndiye chanzo, umeninyang'anya Miklan.

Huo ulikuwa msimamo wangu, na kwa sehemu kubwa bado ninao. Lakini kuna mahali ambapo watu wa chini walinishinda, na aliyenionyesha ni mzee wa mkekani.

Mpwa wangu alikuwa anasoma habari za Bwana Arundel. Huyu ndiye aliyemchukua Edelgard akiwa mdogo, dola lilipochafuka, akakaa naye Faerghus, na huko ndiko alikojuana na Dimitri, akamfundisha kucheza dansi, akapewa kile kisu. Kisha Arundel akamrudisha nyumbani, na baada ya kurudi ndipo majaribio yakaanza. Binti akasoma kwamba Arundel huyu kwa kweli ni Thales, kiongozi wa watu wa chini, aliyevaa sura yake.

"Ngoja," akasema mjomba. "Huyo Arundel ni nani kwa huyo binti?"

"Kaka wa mama yake, babu."

Akaweka bakuli chini. "Mjomba wake?"

Msomaji wa bara huenda asione uzito wake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulifuata upande wa mama. Mtoto alikuwa wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake. Jando, ndoa, urithi, neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Mambo yamebadilika, tunaoana kila kabila na serikali ina sheria zake, lakini pale sebuleni tulikuwa mjomba wangu, mimi, na binti ambaye mimi ndiye mjomba wake. Hadithi inayosema kwamba mjomba alikuja kukuchukua, uso ni wake, sauti ni yake, na aliyemo ndani siye, ilitukaa vibaya kuliko majoka yote ya Fódlan.

"Ilijulikanaje?" akauliza.

Hapo nilifurahi kuliko alivyotegemea, kwa sababu jibu liko kwenye njia ya Dimitri na ni la kikarani kabisa. Dimitri anapekua maktaba ya Garreg Mach na kugundua kwamba Arundel, aliyekuwa akilichangia kanisa kwa moyo, aliacha ghafla. Hakutoa tena. Mjomba akapiga paja. "Daftari!" alisema. "Mtu akibadilika, daftari linajua kabla ya mke wake."

Tangu siku ile namwangalia Edelgard kwa jicho jingine. Anajua aliyemo ndani ya mjomba wake. Anakaa naye meza moja, anapanga naye vita, anachukua askari wake, huku anakumbuka sauti za ndugu zake gizani. Wanaomwita mpumbavu kwa kushirikiana na wauaji wa ndugu zake hawajapima alichokuwa nacho: dola ambalo makabaila walishampokonya baba yake madaraka, kanisa lenye majeshi, na mjomba huyu. Aliamua kuanza na kanisa, halafu baadaye yeye ndiye amgeukie mjomba. Ni hesabu ya kutisha, lakini ni hesabu.

Tatizo ni hiyo baadaye. Ukichagua kusimama naye kaburini Rhea anapokuamuru umuue (na chaguo hilo hulioni kabisa kama hukukubali kwanza kusindikizana naye Enbarr, mji mkuu wa dola lake, akatawazwe, mlango ambao wachezaji wengi waliupita bila kujua kwamba upo), njia yake inaishia kwenye sura ya 18 wakati ya Claude inafika 22. Unapigana na Rhea katikati ya mji wa Fhirdiad unaowaka, ambao Rhea mwenyewe kauchoma, kisha mwisho. Vita na watu wa chini unaambiwa kwa maandishi kwamba vilipiganwa. Mpwa wangu alirusha mto ukutani.

Kuna Arianrhod pia. Kwenye njia hiyohiyo, Edelgard anaiteka ngome ya Arianrhod na kumuua Cornelia, yaani mtu wa Thales. Thales anajibu kwa kuiangamiza ngome kwa mikuki ya nuru kutoka angani. Edelgard anajua nani kafanya. Jeshi lake analiambia ni kanisa. Mwanamke aliyeanzisha vita kwa sababu kanisa limewadanganya watu, naye anadanganya, na anaweka uongo huo juu ya maiti za watu wake. Mpwa wangu anasema ni siri ya kijeshi, askari wakijua watatawanyika. Nasema Rhea naye alikuwa na sababu kama hizo. Hatujawahi kuumaliza huu.

Binamu ndiye aliyetuletea jipya wiki hizi. Kwenye njia ya Claude, baada ya Edelgard na msaidizi wake Hubert kufa, inafika barua ambayo Hubert aliiandika akiwa hai. Anawaeleza maadui zake, waliomuua, mji wa watu wa chini uko wapi, kwa kuwa ile mikuki ya nuru ilimwezesha kukisia inakotokea, na anawaomba wakamalize kazi. Kwenye njia ya Dimitri barua hiyo haipo. Dimitri anamuua Arundel vitani bila kujua kamuua nani.

Mjomba alimwomba binti airudie ile barua polepole. Kisha akauliza: ingetumwa mapema, kungekuwa na vita?

Mpwa wangu anasema vingekuwepo vilevile, kwa sababu Rhea angebaki Rhea na Nembo zingebaki Nembo, na Edelgard hakuwa mtu wa kusubiri. Binamu anasema barua ingeibiwa njiani, watu wa chini wana sura za kila mtu, hata za tarishi. Mimi nasema vita vya Edelgard na Rhea vingekuwepo, hilo nampa binti. Ila vita vyake na Dimitri, hapana. Ukishamwonyesha Dimitri barua ile na lile daftari la sadaka, mtu wa kumwendea na mkuki ni mmoja tu, na siye Edelgard. Mpwa wangu amesema nisubiri amalize njia ya nne, ile ya kusimama na Rhea, ndipo tuongee. Mpaka sasa bado yuko kaburini, na amri ya kumuua Edelgard hajaijibu.